Fasihi ya Ufilipino na Ukoloni (2): Nani Aliweza Kusoma?

Juma lililopita tulizungumzia tendi simulizi za Visiwa vya Ufilipino, zikiwemo Hudhud ya Waifugao wa milimani na Darangen ya Wamaranao wa Mindanao. Leo tunaingia katika kipindi cha miaka 381, tangu Miguel López de Legazpi alipoanzisha makazi ya Wahispania huko Cebu mwaka 1565 hadi uhuru wa tarehe 4 Julai 1946. Swali letu ni la mwalimu wa fasihi: historia hiyo ifundishwe vipi ili mwanafunzi aione ndani ya maandishi yenyewe?

Njia iliyozoeleka ni kuugawa ubao sehemu tatu, Hispania, Marekani na Japani, kisha kuorodhesha waandishi chini ya kila sehemu. Mwanafunzi anakariri majina na miaka, anafaulu mtihani, lakini ukimuuliza kwa nini José Rizal aliandika riwaya zake kwa Kihispania ilhali Wafilipino wengi hawakukijua, anabaki kimya. Mimi nashauri swali moja liongoze kila kipindi: siku andiko hili lilipotoka, nani aliweza kulisoma? Atakayelijibu kikamilifu atalazimika kuchunguza lugha, mtambo wa kuchapia, sheria na shule. Huko ndiko ukoloni ulikofanyia kazi yake katika fasihi.

Kitabu chenye hati mbili

Anza na Doctrina Christiana, kitabu cha sala na mafundisho ya Kikatoliki kilichochapishwa Manila mwaka 1593 kwa mbao za kuchonga. Ndani yake mna Kihispania, pamoja na Kitagalog kilichoandikwa mara mbili: kwa herufi za Kilatini na kwa baybayin, hati ya wenyeji ambayo alama zake husimamia silabi. Waonyeshe wanafunzi picha ya ukurasa mmoja kabla ya kuwaeleza lolote. Watatambua wenyewe kwamba wenyeji walikuwa na hati yao, na kwamba watawa wa Kihispania waliitumia kwa sababu walikuta watu wanaoweza kuisoma. Dhana kwamba maandishi yaliletwa na majahazi ya Ulaya huanguka hapo hapo.

Baada ya hapo mwalimu aeleze jinsi baybayin ilivyofifia. Mitambo ya kuchapia ilikuwa mikononi mwa mashirika ya watawa, na vitabu vyao viliendelea kutoka kwa herufi za Kilatini. Hati za ukoo huo hazikufa zote. Wamangyan wa kisiwa cha Mindoro wangali wanachonga mashairi yao, yaitwayo ambahan, kwenye mianzi, na Watagbanwa wa Palawan nao wana hati yao.

Jambo la pili ni kwamba watawa walijifunza lugha za wenyeji na kuhubiri kwa lugha hizo. Kihispania hakikuenea kwa umma kama kilivyoenea Meksiko au Peru. Kilibaki lugha ya serikali na ya wachache. Mwaka 1610 Tomas Pinpin, mchapaji Mtagalog, alitoa kitabu cha kuwafundisha Watagalog wenzake Kihispania. Waulize wanafunzi kilichomsukuma kuifanya kazi hiyo. Watakaofikiri vizuri wataona kwamba asiyeijua lugha ya mtawala alikuwa anatawaliwa kwa maneno asiyoyaelewa.

Shairi la dini na shairi la mapenzi

Mwanzoni mwa karne ya 18 Gaspar Aquino de Belen alitunga kwa Kitagalog utenzi wa mateso ya Yesu, yaani pasyon. Mwaka 1814 ukatoka mwingine uliopendwa zaidi, na hadi leo pasyon huimbwa majumbani na makanisani katika Juma Takatifu. Hapa msomaji anapaswa kueleweka kwa upana. Mkulima asiyejua kusoma aliusikia utenzi mzima kila mwaka, akauhifadhi moyoni. Mwanahistoria Reynaldo Ileto, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alionyesha kwamba watu wa vijijini waliyaelewa mapinduzi dhidi ya Hispania kwa kutumia lugha na picha za pasyon: mateso, kafara, ufufuko. Andiko lililokusudiwa kuwatuliza waumini liliwapa pia msamiati wa ukombozi.

Mwaka 1838 ukaja Florante at Laura wa Francisco Balagtas, mzaliwa wa Bulacan. Huu ni awit, utungo ambao mshairi wa Kiswahili ataufahamu haraka: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 12, 6 katika ukwapi na 6 katika utao, na mishororo yote minne ina kina kimoja cha mwisho. Kisa kinatokea Albania, kati ya wafalme na wana wa wafalme, kama ilivyokuwa desturi ya ngano za Ulaya zilizopendwa wakati huo. Wasomaji wengi wa baadaye wameiona Ufilipino yenyewe katika nchi hiyo iliyojaa usaliti na dhuluma.

Katika darasa langu ningesimama zaidi kwenye tukio moja. Florante, Mkristo, amefungwa kwenye mti msituni, na anayemwokoa ni Aladin, Mwislamu wa Uajemi. Michezo ya jukwaani ya zama hizo, iliyoitwa moro-moro, ilizoea kumfanya Mwislamu kuwa adui wa kushindwa vitani. Balagtas alimpa huruma na utu. Ni kweli kwamba mwishoni Aladin anabatizwa, na mwanafunzi asifichwe hilo. Amwone mshairi akisogeza mipaka ya wakati wake hadi pale alipoweza kufika.

Rizal na Bonifacio

Mwaka 1872 serikali iliwanyonga mapadre watatu wazalendo, Gomez, Burgos na Zamora, ikiwahusisha na uasi wa Cavite. Rizal, aliyezaliwa Calamba mwaka 1861, alikuwa mtoto. Baadaye aliitabaruku riwaya yake ya pili kwa mapadre hao. Riwaya ya kwanza, Noli Me Tángere, ilichapishwa Berlin mwaka 1887, nakala 2,000, kwa fedha alizokopeshwa na rafiki yake Maximo Viola. Ya pili, El Filibusterismo, ilichapishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891.

Mwalimu aulize kwa nini Mfilipino alichapisha Ujerumani na Ubelgiji. Jibu liko Manila. Palikuwa na tume ya kudumu ya udhibiti wa maandishi, na Noli ilipofika visiwani wakuu wa Chuo Kikuu cha Santo Tomas waliilaani na tume ikapendekeza ipigwe marufuku. Riwaya yenyewe inaonyesha sababu. Padre Damaso anatukana na kutisha bila kuogopa sheria. Sisa, mama maskini, anarukwa na akili baada ya wanawe wawili kusingiziwa wizi kanisani. Mwanafunzi akizisoma sura za Sisa kwa makini, hahitaji tena kuambiwa kwamba utawala wa watawa ulikuwa mzito.

Sasa lije swali letu. Kwa Kihispania, Rizal aliwafikia wasomi wenzake na raia wa Hispania aliotaka waione aibu ya serikali yao. Majirani zake wengi wa Calamba hakuwafikia moja kwa moja, na jambo hilo lilimsumbua. Alianza riwaya ya tatu kwa Kitagalog, kazi ikawa ngumu, akarudi kwenye Kihispania, na mswada ukabaki bila kukamilika. Andres Bonifacio, mfanyakazi wa ghala mjini Manila aliyejisomea riwaya hizo, alichukua njia nyingine. Mwaka 1892 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha siri cha Katipunan, na mwaka 1896 gazeti la chama hicho, Kalayaan, likatoka kwa Kitagalog. Rizal alipigwa risasi Bagumbayan tarehe 30 Desemba mwaka huo huo. Wanafunzi walinganishe waandishi hawa wawili: madhumuni yao yalikaribiana, lakini wasomaji waliowalenga walikuwa mbali, na umbali huo ulichimbwa na ukoloni.

Meli ya walimu

Uhuru kutoka kwa Hispania ulitangazwa Kawit tarehe 12 Juni 1898. Desemba ya mwaka huo Hispania iliwakabidhi Wamarekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20, na Februari 1899 vita vikazuka kati ya Wafilipino na Marekani. Agosti 1901 meli ya Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao 500. Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia. Mwaka huo huo sheria ya uchochezi ilikataza kudai uhuru, hata kwa njia ya amani, maadamu vita vinaendelea. Mwalimu ayafundishe mambo haya mawili kwa pamoja, maana shule na sheria ya uchochezi vilikuwa vya serikali moja.

Waandishi walijibu kwa njia mbalimbali. Mei 1903 Aurelio Tolentino alionyesha Manila tamthilia ya Kahapon, Ngayon at Bukas, ambamo Mama Nchi ni mhusika anayepigania watoto wake, na mtunzi akakamatwa. Wengine wakashika Kihispania. Cecilio Apóstol na Fernando María Guerrero waliandika mashairi bora ya Kihispania chini ya bendera ya Marekani, na gazeti la El Renacimiento lilishtakiwa kwa tahariri ya mwaka 1908 iliyomlinganisha afisa mkubwa na ndege mla nyama. Lugha ya mkoloni wa kwanza iligeuka ngao dhidi ya wa pili.

Wakati huo shule zilikuwa zinaumba msomaji mpya. Paz Marquez Benitez alikuwa na miaka 7 meli ya Thomas ilipofika. Mwaka 1925 alitoa hadithi fupi ya Kiingereza, Dead Stars, inayosomwa madarasani hadi sasa. Inahusu mwanamume mwenye mchumba anayevutwa na mwanamke mwingine. Hapa mwalimu awe mwangalifu: asiilazimishe hadithi ya mapenzi iwe fumbo la siasa. Alama ya ukoloni imo katika lugha yake na katika tabaka la wasomaji wake, na hiyo yatosha. Manuel Arguilla wa La Union alikikunja Kiingereza hicho hicho kikasikika kama mazungumzo ya wakulima Wailokano. Carlos Bulosan wa Pangasinan, aliyehamia Marekani mwaka 1930, alitumia Kiingereza kuwaeleza Wamarekani jinsi vibarua wa Kifilipino walivyopigwa na kunyonywa huko. Kitabu chake, America Is in the Heart, kilitoka mwaka 1946.

Wajapani walipotawala, kuanzia mwaka 1942, walikibana Kiingereza na kukipa Kitagalog nafasi. Jarida la Liwayway liliendelea kutoka chini ya udhibiti wao, na mwaka 1943 hadithi fupi za Kitagalog zilistawi, zikiwemo za Narciso Reyes na Liwayway Arceo. Arguilla, aliyejiunga na upinzani wa siri, aliuawa na Wajapani mwaka 1944. Mambo hayo mawili yawekwe mbele ya wanafunzi bila kulipunguza lolote.

Kazi ya darasani

Kila kikundi cha wanafunzi kipewe andiko moja na kijaze jedwali lenye safu tano: mwaka, lugha, mahali lilipochapishwa au kuonyeshwa, sheria iliyolihusu, na wasomaji au wasikilizaji wake. Majedwali yakiunganishwa, darasa litaona jinsi uamuzi wa serikali kuhusu shule au udhibiti ulivyobadilisha aina ya fasihi iliyowezekana. Litaona pia kwamba waandishi wa Ufilipino hawakuwa vyombo vya kumiminiwa. Walichagua, walikwepa, waligeuza, na wengine walilipa kwa maisha yao. Mwanafunzi wa fasihi anastahili kuyajua yote mawili, uzito wa ukoloni na akili ya waliouishi. Mwalimu anayefundisha nusu moja tu anawadhulumu waandishi hao kwa mara ya pili.

Juma lijalo tutaeleza jinsi sheria ya mwaka 1956 ilivyoziingiza riwaya za Rizal katika shule na vyuo vyote licha ya upinzani mkali wa Kanisa Katoliki, na jinsi Nick Joaquin na Amado V. Hernandez walivyoupokea urithi huo baada ya uhuru.

*Itaendelea.*