Mazoezi ya Ngumi: Faida kwa Mwili na Akili Bila Kupigwa Kichwani

Mazoezi ya ngumi ni kazi yote anayoifanya bondia kabla ya kupanda ulingoni: kuruka kamba, kurusha ngumi hewani, kupiga begi, kupiga padi zinazoshikwa na kocha, pamoja na mazoezi ya viungo. Muda mwingi wa bondia huishia hapo. Pambano la Olimpiki ni raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika 9 tu za kupigana, ilhali maandalizi yake huchukua miezi. Kwa upande wa afya, tofauti hiyo ni kubwa. Faida karibu zote za ngumi hupatikana mazoezini, na madhara yake makubwa hutokana na kupigwa kichwani. Anayefanya mazoezi bila kupigana huvuna faida hizo na kuyaepuka madhara hayo.

Mchezo huu una historia ndefu Afrika Mashariki. Robert Wangila wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Zanzibar, ambako ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, iliziruhusu tena mwaka 2022. Kimataifa, wanawake waliruhusiwa kushindana ngumi katika Olimpiki kuanzia London mwaka 2012. Hata hivyo, mtu hahitaji kuwa na ndoto ya medali ili anufaike. Mfanyakazi wa ofisini, mama wa nyumbani na mzee aliyestaafu wanaweza kufanya mazoezi yaleyale kwa kiwango kinachowafaa.

Moyo, mapafu na shinikizo la damu

Mazoezi ya ngumi hufuata saa ya ulingoni. Kengele inalia, mtu anafanya kazi kwa dakika tatu, anapumzika dakika moja, kisha kengele inalia tena. Katika dakika tatu hizo miguu haitulii na mikono haishuki, hivyo mapigo ya moyo hupanda haraka. Dakika moja ya mapumziko haitoshi kuyarudisha chini kabisa, na raundi inayofuata huanza moyo ukiwa bado unakwenda mbio. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakouimarisha moyo. Baada ya wiki kadhaa, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mapigo ya mtu aliyepumzika hupungua. Ndani ya misuli, mishipa midogo ya damu huongezeka, na vivyo hivyo mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati.

Wataalamu hupima uzito wa mazoezi kwa kulinganisha nishati anayoitumia mtu na ile anayoitumia akiwa amekaa kimya. Kwa kipimo hicho, kutembea haraka hutumia nishati mara 4 hivi ya kukaa, kupiga begi mara 5.5, kupigana na mwenzako mazoezini mara 7.8, na kuruka kamba kwa mwendo wa kawaida mara 11.8. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 akipiga begi kwa saa nzima hutumia takriban kilokalori 385. Kamba inayodharauliwa na wengi kuwa mchezo wa watoto ndiyo kazi nzito zaidi kati ya hizo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na kuongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Vipindi vitatu vya ngumi vya nusu saa kwa wiki hutosheleza kiwango cha mazoezi makali.

Utafiti mdogo uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha watu wazima wenye unene wa tumbo waliofanya mazoezi ya ngumi na wengine waliotembea haraka kwa wiki 12. Waliofanya ngumi walipungua mafuta mwilini, shinikizo la damu likashuka na pumzi ikaongezeka, tofauti na wenzao waliotembea. Washiriki walikuwa 12 tu, kwa hiyo matokeo hayo hayatoshi kutoa hukumu, lakini yanalingana na yanayojulikana kuhusu mazoezi makali ya vipindi vifupi. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, jambo lenye manufaa kwa mtu aliye katika hatari ya kisukari cha aina ya pili.

Nguvu ya ngumi hutoka mguuni

Wengi hudhani ngumi ni kazi ya mkono. Ukweli huonekana ngumi moja tu ya moja kwa moja ya mkono wa nyuma ikifuatiliwa hatua kwa hatua. Kisigino cha nyuma huinuka na kidole gumba cha mguu kusukuma sakafu. Nguvu hiyo hupanda kupitia shavu la mguu na paja hadi nyonga, nayo nyonga huzunguka kuelekea mbele. Misuli ya tumbo na mgongo hukaza ili nguvu isipotee njiani, bega hufuata, kiwiko hunyooka, na ngumi hugeuka kidogo kabla tu ya kugusa begi. Pumzi hutolewa kwa mkupuo mfupi wakati uleule, kisha mkono hurudi haraka kulinda kidevu.

Utafiti wa Kisovieti uliochapishwa mwaka 1985 ulipima mchango wa kila sehemu ya mwili katika ngumi. Kwa mabondia wa daraja la juu, miguu ilichangia asilimia 38, kiwiliwili asilimia 37 na mkono asilimia 24. Kwa chipukizi, mchango wa miguu ulikuwa asilimia 16.5 tu. Kujifunza ngumi, basi, ni kujifunza kuutumia mwili mzima kwa mpangilio mmoja.

Hiyo ndiyo sababu mazoezi haya hujenga misuli ya mapaja, nyonga, tumbo, mgongo na mabega kwa pamoja. Kuruka kamba kwa kiasi huipa mifupa ya miguu msukumo mdogo unaojirudia, na mifupa huitikia msukumo wa namna hiyo kwa kuwa imara zaidi. Kusogea mbele, nyuma na pembeni bila kupishanisha miguu hunoa mizani ya mwili, uwezo ambao hupungua kadiri mtu anavyozeeka na ambao humkinga na kuanguka.

Ubongo nao hufanya mazoezi

Kocha anaposhika padi, mara nyingi hutaja ngumi kwa namba: moja ni ngumi ya mbele iitwayo jebu, mbili ni ya mkono wa nyuma, tatu ni ya pembeni. Akisema "moja, moja, mbili, kwepa," mwanafunzi lazima asikie, akumbuke mfuatano, apime umbali, apige na kuinama, yote ndani ya sekunde mbili tatu. Macho, masikio, kumbukumbu na misuli hufanya kazi kwa wakati mmoja, na amri inayofuata inaweza kuwa tofauti kabisa.

Mazoezi ya namna hiyo yametumiwa kuwasaidia wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa ambao chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini hufa polepole. Mgonjwa hutetemeka, hukakamaa, hutembea kwa hatua fupi na hupoteza mizani. Mwaka 2006, katika jiji la Indianapolis nchini Marekani, Scott Newman, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Marion na aliyekuwa na ugonjwa huo, alianzisha Rock Steady Boxing, mpango wa ngumi zisizo na mapigano. Washiriki hupiga mabegi, hupiga hatua kubwa, hujifunza kuinuka kutoka sakafuni na hupaza sauti ili kuimarisha misuli ya kuzungumza. Tafiti ndogo zilizofuata zimeonyesha maendeleo katika mizani, mwendo na ubora wa maisha. Mazoezi hayo hayaponyi ugonjwa wala hayachukui nafasi ya dawa. Yanamsaidia mgonjwa kuendelea kuutawala mwili wake kwa muda mrefu zaidi.

Hasira, wasiwasi na usingizi

Watu wengi huamini kwamba ngumi hutuliza akili kwa sababu mtu humalizia hasira zake kwenye begi. Sayansi haiungi mkono imani hiyo. Katika utafiti wa mwanasaikolojia Brad Bushman, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wanafunzi 600 wa chuo kikuu walikasirishwa kwa makusudi, kisha wakagawanywa katika makundi matatu. La kwanza lilipiga begi huku likimfikiria aliyewakera, la pili lilipiga begi likifikiria kuimarisha mwili, na la tatu lilikaa tu kimya. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira kuliko wote. Waliokaa kimya ndio waliokuwa na ukali mdogo zaidi.

Faida ya ngumi kwa akili, kwa hiyo, haitokani na kulipiza kisasi kwa begi. Ya kwanza hutokana na umakini. Anayehesabu mfuatano wa ngumi, kulinda kidevu na kupanga pumzi hapati nafasi ya kuzungusha mawazo yanayomsumbua. Ya pili hutokana na kemikali ambazo ubongo hutoa wakati wa mazoezi makali, zikiwamo endofini, ambazo hupunguza maumivu na kuleta hisia ya utulivu. Ya tatu hutokana na mazoea. Mtu mwenye wasiwasi mwingi huogopa dalili za mwili wake mwenyewe: moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kubana. Kila raundi humpitisha katika dalili hizohizo mahali salama, kisha humwonyesha zikitulia zenyewe katika dakika ya mapumziko. Taratibu mwili huacha kuziona kuwa tishio.

Mazoezi ya mwili kwa ujumla yamethibitika kupunguza dalili za sonona na wasiwasi na kuboresha usingizi. Ngumi huongeza jambo jingine, nalo ni kujiamini kunakojengwa na ujuzi unaoonekana: mwezi wa kwanza mtu hushindwa kuruka kamba kwa dakika moja, na mwezi wa tatu huimaliza raundi nzima. Pia humweka mtu pamoja na wenzake. Anayeshika padi hubeba dhamana ya usalama wa anayepiga, nao hubadilishana zamu. Mwenye sonona kali au mawazo ya kujidhuru anahitaji kwanza kumwona daktari, na mazoezi huja kama nyongeza ya tiba.

Madhara na namna ya kuyaepuka

Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikipigwa na kuzunguka ghafla, ubongo huchelewa kufuata, na nyuzi ndefu za seli zake huvutika na kuumia. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza katika jarida la kitabibu hali ya mabondia wakongwe waliopepesuka, kuzungumza kwa shida na kupoteza kumbukumbu. Leo inajulikana kwamba mapigo madogo mengi, hata yasiyomwangusha mtu, huweza kuleta madhara ya kudumu. Kofia ya kinga hupunguza michaniko na michubuko, lakini haiuzuii ubongo kutikisika. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Canada vilitoa tamko la pamoja la kupinga watoto na vijana kushiriki mchezo huu. Aliyepigwa na kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au maumivu makali ya kichwa asimamishe mazoezi mara moja na apimwe.

Kwa asiyepigana, majeraha ya kawaida huwa kwenye mkono. Mkono una mifupa midogo 27, na ule ulio chini ya kidole kidogo huvunjika kwa urahisi ngumi ikitua vibaya. Kinga yake ni bendeji ya kitambaa, kwa kawaida yenye urefu wa mita nne na nusu hivi. Kitanzi huvishwa kwenye dole gumba, bendeji huzungushwa mara kadhaa kwenye kifundo cha mkono, kisha kwenye vifundo vya vidole, hupitishwa kati ya vidole na kumaliziwa tena kwenye kifundo cha mkono. Wakati wa kufunga, vidole hutanuliwa ili damu isizuiwe. Glovu huvaliwa juu yake, na ngumi hulenga kutua kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati.

Anayeanza anashauriwa kwenda polepole: siku mbili au tatu kwa wiki, raundi fupi za dakika moja au mbili, na kujifunza kusimama na kutembea kabla ya kupiga kwa nguvu. Asiye na begi anaweza kuanza nyumbani kwa kamba na kurusha ngumi hewani, bila kuunyoosha mkono kwa nguvu mpaka kiwiko kikajifunga. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari kilichoathiri macho, au anayepata maumivu ya kifua apate ushauri wa daktari kabla ya kuanza. Mjamzito aepuke kabisa mapambano na mazoezi yoyote yanayoweza kumpiga tumboni au kumwangusha. Kwa wengine wote, swali la kumuuliza kocha siku ya kwanza ni kama inawezekana kufanya mazoezi yote bila kupigana. Kocha mwenye ujuzi atakubali, na atampangia mwanafunzi begi, padi na kamba vinavyotosha.