Tiba ya Tabia za Watoto na Nyumba za Kariakoo

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sayansi ya saikolojia haipingani na usemi huo, bali huuliza akunjwe kwa njia gani. Uchunguzi wa kitaifa uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana nchini Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Ipo njia isiyotumia fimbo. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Sheila Eyberg wa Marekani aliasisi tiba ambayo mzazi ndiye mganga. Mzazi hufundishwa kucheza na mtoto kwa dakika chache kila siku, kumsifu kwa kulitaja tendo jema alilolitenda, na kutoa amri fupi kwa sauti ya upole. Mtoto akikaidi, huketishwa kando kwa muda mfupi. Kanuni yake ni hii: tendo linalopata malipo huota mizizi, na lisilolipwa hufifia.

Tiba hiyo ilibuniwa kwa familia ambayo mzazi mmoja au wawili ndio wenye kauli. Katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo, vyumba hupakana na ukumbi wa katikati, wapangaji huwa wengi, na uani ni pa wote. Mama akiwa sokoni, mtoto huangaliwa na bibi, yaya au jirani. Tuseme mtoto analilia andazi. Mama anakataa, lakini jirani anamhurumia na kumpa. Hapo kilio kimelipwa. Na malipo ya mara mojamoja huikaza tabia kuliko malipo ya kila mara. Kwa hiyo wanaopaswa kufundishwa ni walezi wote wa uani, si mama peke yake.

Kwamba mazingira hubadili matokeo kumekwisha kuonekana katika tiba iliyo jirani na hii. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi na wa Bungoma nchini Kenya, walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Nusu yao, pamoja na walezi wao, walihudumiwa na washauri wa mahali hapo waliopewa mafunzo. Wengine walipata huduma za kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliopata tiba huko Bungoma walikuwa bado na nafuu zaidi ya wenzao, ilhali Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamepona kwa kiasi kinacholingana.

Kanuni ya tiba yaweza kuvuka bahari. Utaratibu wake hauna budi kupimwa upya katika kila mahali mtoto anapolelewa.