Je, Wajua? Kwa Mungu, Neema Hutangulia

Waumini wengi huishi na Mungu kama mdeni anayezunguka njia ya uani ili mwenye duka asimwone. Wanasali, wanafunga, wanatoa zaka, na bado moyoni wanajiuliza kama wamefikisha. Imani ya Kikristo ina mpangilio mwingine: Mungu huanza, mwanadamu huitikia. Haya hapa ya kukuonyesha hivyo, kutoka Maandiko na kutoka historia ya Kanisa. Soma ukiwa na Biblia karibu.

MUNGU ALIVYO

Je, wajua kwamba Mungu alizitaja sifa zake wakati ambapo watu wake walikuwa wamemkosea vibaya mno? Fungua Kutoka 34. Waisraeli wametoka kuabudu ndama wa dhahabu, Musa amezivunja mbao za mawe, na sasa anapanda Sinai na mbao mpya. Hapo ndipo Mungu anapopita mbele yake na kujitambulisha. Anaanza na huruma, kisha uvumilivu, uaminifu na msamaha. Hasemi kwamba dhambi ni jambo dogo. Lakini tazama vipimo: adhabu yafika kizazi cha tatu na cha nne, fadhili zafika maelfu.

Je, wajua kwamba utambulisho huo unarudi mara nyingi katika Agano la Kale? Utaukuta Hesabu 14, Nehemia 9, Zaburi 86, 103 na 145, na Yoeli 2. Katika Yona 4 unashangaza zaidi, kwa maana nabii anautaja akinung'unika: alikimbilia Tarshishi kwa kuwa alijua Mungu wa namna hiyo atawasamehe watu wa Ninawi. Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu kuhusu wakazi zaidi ya 120,000 wa mji ule, na wanyama wao pia.

Je, wajua kwamba Adamu na Hawa hawakufukuzwa Edeni wakiwa na yale majani ya mtini? Mwanzo 3 inasema Mungu aliwatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika, ndipo akawatoa bustanini. Hukumu ilikuwa imekwisha kutamkwa, na aliyeitamka ndiye aliyewavika.

Je, wajua alichompa Mungu Eliya alipoomba afe? Usingizi na mkate. Katika 1 Wafalme 19 nabii amechoka, amejilaza chini ya mti jangwani, hataki kuendelea. Malaika anamwamsha ale na kunywa, anamwacha alale tena, anamwamsha ale mara ya pili. Maswali yalimngoja Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Mungu alimjua mtumishi wake kuwa ni mtu mwenye mwili.

Je, wajua kwamba Biblia inaufananisha upendo wa Mungu na wa mama? Isaya anafanya hivyo katika sura ya 49 na ya 66. Naye Yesu, akiulilia Yerusalemu katika Mathayo 23, anajifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga vyake.

Je, wajua kwamba Zaburi ya 136 ina mistari 26, na yote 26 inamalizia kwa fadhili za Mungu zisizokwisha? Uumbaji, ukombozi kutoka Misri, hata chakula cha kila kiumbe: kila tukio linarudishwa kwenye chanzo kimoja.

NANI ALIANZA?

Je, wajua kwamba Waisraeli waliokolewa kabla hawajapewa amri hata moja ya zile kumi? Pasaka iko Kutoka 12. Amri Kumi ziko Kutoka 20. Hata pale Sinai, Mungu anatanguliza kuwakumbusha kwamba amekwisha kuwatoa utumwani, kisha anaanza kuagiza. Sheria haikuwa nauli ya kutokea Misri. Ilikuwa mwongozo wa maisha kwa watu waliokwisha kuwa huru.

Je, wajua kwamba Baba alimtangaza Yesu kuwa ni Mwana mpendwa anayempendeza kabla hajafanya muujiza wowote katika Injili ya Marko? Sauti inasikika Yordani, sura ya 1. Pepo bado hawajatolewa, wagonjwa bado hawajaponywa, wala mwanafunzi wa kwanza hajaitwa. Kazi yote ya Yesu ilifuata baada ya kupendwa.

Je, wajua nani alitangulia kati ya Yesu na Zakayo? Soma Luka 19 polepole. Kwanza Yesu anamwita mtoza ushuru kwa jina na kusema atashinda nyumbani kwake. Baadaye ndipo Zakayo anapoahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Watu walinung'unika kwa sababu walitaka toba ije kwanza. Yesu aliingia nyumbani, na toba ikamfuata humo ndani.

Je, wajua kwamba nyaraka zote 13 zenye jina la Paulo hufungua na kufunga kwa kuwatakia wasomaji neema? Hata Wakorintho waliogombana, hata Wagalatia aliowakemea kwa ukali. Biblia yenyewe inafungwa vivyo hivyo: mstari wa mwisho wa Ufunuo ni maombi ya neema.

Je, wajua kwamba Waraka kwa Waefeso una sura sita, na tatu za kwanza karibu zote zinaeleza Mungu amefanya nini? Maagizo ya mwenendo yanashika kasi kuanzia sura ya nne. Mhubiri anayeanzia hapo amewapa watu mzigo bila nguvu ya kuubeba.

HESABU ZA NEEMA

Je, wajua ukubwa wa deni alilosamehewa mtumwa wa Mathayo 18? Talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari kama 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Ni siku milioni 60 za kazi, zaidi ya miaka 160,000 hata bila kupumzika siku moja. Mwenzake alidaiwa dinari 100, mshahara wa miezi mitatu au minne. Kiasi hicho nacho si kidogo, na Yesu hakusema ni kidogo. Anayekosewa huumia kweli. Lakini deni la kwanza lilikuwa kubwa mara 600,000, na lilikuwa limefutwa lote.

Je, wajua kwamba msomaji wa Kiswahili hahitaji kugeuza saa za mfano wa shamba la mizabibu? Katika Mathayo 20 saa zinahesabiwa tangu mapambazuko, kama tunavyohesabu sisi. Wa mwisho waliajiriwa saa kumi na moja jioni, imebaki saa moja jua lizame, na wakalipwa dinari ileile ya walioanza alfajiri. Mwenye shamba aliamuru tena wa mwisho walipwe kwanza, mbele ya macho ya wenzao. Wa alfajiri hawakupunjwa hata senti. Kilichowauma ni ukarimu waliotendewa wengine.

Je, wajua kwamba Paulo aliomba jambo mara tatu na hakupewa? Ni ule mwiba wa 2 Wakorintho 12. Aliahidiwa neema ya kumtosha katika udhaifu wake, mwiba ukabaki. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni dalili ya kukosa neema. Mtume aliishi na vyote viwili.

NEEMA KATIKA HISTORIA

Je, wajua kwamba mwalimu mkuu wa neema katika Kanisa la Magharibi alikuwa Mwafrika? Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Alipambana na mafundisho ya Pelagio, mtawa aliyefundisha kwamba mtu anaweza kushika njia njema kwa nguvu ya hiari yake. Augustino alishikilia kwamba hata ile kiu ya kumtafuta Mungu ni Mungu ameitia. Maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago mwaka 418 waliyakataa mafundisho ya Pelagio.

Je, wajua kwamba John Wesley alikuwa kasisi na amekwisha kuwa mmisionari kabla ya kupata uhakika wa kusamehewa? Aliupata jioni ya 24 Mei 1738, barabara ya Aldersgate mjini London, akisikiliza dibaji ya Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi. Baadaye alisisitiza sana neema inayomtangulia mtu, ikimgusa kabla yeye hajamfikiria Mungu.

Je, wajua kwamba mtunzi wa "Amazing Grace" aliendelea kusafirisha watumwa baada ya kumlilia Mungu baharini? John Newton alinusurika dhoruba mwaka 1748, lakini aliacha safari hizo mwaka 1754. Utenzi wake ulitumika kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 1773, na mwaka 1788 alichapisha kijitabu cha kuifichua biashara ile na kukiri sehemu yake. Neema ilimpokea mara moja; kumfumbua macho kulichukua miaka mingi. Tusimkatie tamaa mtu ambaye Mungu bado anamfanyia kazi, wala tusinyamazie dhuluma yake tukisubiri.

Je, wajua kwamba Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki? Ilikuwa Augsburg, Ujerumani, 31 Oktoba 1999. Waliungama pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, na kwamba matendo mema ni tunda lake. Upande wa Walutheri uliwakilishwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Katika mkutano mkuu wa fungamano hilo uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza kutoka Afrika.

Je, wajua nani alionya juu ya neema ya bei rahisi? Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu ufuasi. Alikataa msamaha unaohubiriwa bila toba na bila kumfuata Kristo. Alinyongwa na serikali ya Hitler tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39.

Je, wajua kwamba Uamsho wa Afrika Mashariki una chimbuko katika urafiki wa Mganda na Mwingereza? Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto ulienea Gahini nchini Rwanda, ukafika Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa waliungama wazi, wakarudisha vya wizi, wakaitana ndugu bila kujali kabila. Wakati wa Mau Mau, wengi wao nchini Kenya walikataa kula kiapo na pia kushika bunduki za serikali, na wapo waliouawa.

Je, wajua kwamba askofu wa Uganda aliandika kitabu kutangaza kwamba anampenda Idi Amin? Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Amin. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu hicho. Hakuuita uovu wema. Alikataa tu chuki imtawale mtu aliyesamehewa na Kristo.

Je, wajua kwamba Waraka kwa Filemoni una mistari 25 tu, na ndani yake Paulo anajitolea kulipa deni la mtu mwingine? Onesimo, mtumwa wa Filemoni, anarudishwa kwa bwana wake. Paulo anaandika kwa mkono wake kwamba kama kuna hasara, aandikiwe yeye, na anaomba Onesimo apokewe kama ndugu. Hiyo ndiyo kazi ya neema ikishampata mtu: inamfanya awe wa kwanza kuwasogelea wengine. Basi kama yupo unayemngoja aje akuombe radhi, usimngoje. Mpigie simu leo, wewe uanze.