Mdalia: Usiutupe Mti Uliolala



Ifikapo Novemba hapa Uingereza huonekana katika bustani za baadhi ya jamaa zetu jambo la kusikitisha. Mti uliokuwa umeupita ukuta kwa urefu, wenye majani mapana ya kijani, huamka asubuhi mmoja ukiwa mweusi kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Mwenye nyumba huutazama, hutikisa kichwa, kisha huung'oa pamoja na viazi vyake na kuutia katika pipa la taka. Nimeshuhudia familia mbili zikifanya hivyo, na kilichotupwa kilikuwa hai.

Mti huo ni mdalia. Sisi watu wa pwani tukisikia neno dalia akili hukimbilia ule unga wa manjano wa kujisinga, lakini hayo ni majina yaliyogongana tu. Ua hili lilipewa jina la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, na aliyelipa jina hilo ni padri Antonio José Cavanilles wa Madrid, mwaka 1791. Dalia fupi za bustanini wengi wetu tunazijua. Huu ninaouzungumzia ni jamaa yao mkubwa, ambao wataalamu huuita Dahlia imperialis, yaani dalia ya kifalme. Kwao ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati hadi Kolombia. Shina lake lina pingili na uwazi ndani mfano wa mwanzi, na katika msimu mmoja huweza kufikia mita 4 au zaidi. Maua yake ni ya zambarau iliyofifia, yameinamisha vichwa kama mwari mwenye haya.

Taabu yake ni moja: huchelewa kuchanua. Mti huu hauhesabu joto peke yake, bali huhesabu pia urefu wa usiku. Sisi tuliokulia Unguja, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, jambo hili hatukulizoea. London mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Disemba haufiki saa 8. Mdalia hutumia mchana mrefu kurefuka, na usipoanza usiku kuwa mrefu, mwezi wa Septemba, haufikirii kutoa matumba. Matumba hayo yanapokaribia kufunguka, Oktoba au Novemba, ndipo jalidi, ule umande ulioganda, inapobisha hodi. Kwa hiyo anayeupanda hapa anashindana na majuma matatu au manne tu, na kazi yote ya mwaka ni kuyapata majuma hayo.

Huyapata kwanza kwa kuuwahisha. Mwezi wa Machi viamshe viazi ndani ya nyumba, katika chungu, karibu na dirisha lenye mwanga, wala usiutoe mche nje mpaka hatari ya jalidi ipite, mwishoni mwa Mei. Uchagulie ukuta unaotazama kusini, maana ukuta huhifadhi joto la mchana na huzuia upepo. Upepo ni adui wa kweli: shina lenye uwazi huvunjika kama bua la mahindi, basi simika nguzo imara mapema. Bakisha mashina matatu au manne yenye nguvu, mengine yakate. Maji usiyafanyie ubahili wakati wa kiangazi, lakini mbolea ya kukuza majani iache Julai inapokwisha. Wenye taa ya ulinzi uani waizime au waigeuze upande mwingine kuanzia Septemba, kwani mwanga wa usiku huweza kuuhadaa mti ukadhani bado ni kiangazi. Makoa, wale wadudu watelezi, hula machipukizi machanga usiku mmoja yakaisha. Wachunguze kwa kurunzi baada ya mvua.

Lazima niseme ukweli pia. Walioko Cornwall, penye majira ya baridi mepesi, wana tumaini kubwa la kuona maua nje. Walioko Midlands wataona mwaka mmoja na kukosa mwingine. Walioko Scotland wasitegemee maua bila banda la vioo, ila majani yake peke yake yatawatosha kuwa pambo. Mwenye banda aupande katika chungu kikubwa, aukate ncha kabla ya Juni kwisha ili usirefuke kupita paa, na auingize ndani Oktoba.

Sasa tuje kwenye majira ya baridi yenyewe. Jalidi ya kwanza huua majani tu. Viazi vilivyo chini havijaguswa, maana ardhi haipoi upesi kama hewa. Likate shina ubakishe kiasi cha shibiri moja, kisha uufunike mdomo wake, kwa sababu maji yakiingia katika ule uwazi hushuka mpaka shingoni na kuozesha. Watu wengi hudhani mdalia umekufa kwa baridi, na kumbe umekufa kwa maji. Penye udongo usiotuamisha maji, rundika majani makavu unene wa sentimita 20, juu yake weka ubao au plastiki ya kuzuia mvua.

Penye udongo mzito wa mfinyanzi, afadhali vichimbwe. Vipindue siku chache shina liangalie chini maji yatoke, kisha vizike katika boksi la mchanga mkavu kiasi, mahali pasipoganda na pasipo na joto la kupasha nyumba. Vitazame kila mwezi; kilichooza kitoe, kilichosinyaa kinyunyizie maji kidogo. Wala usivikatekate ovyo: kiazi cha mdalia si kama mbatata yenye macho mwili mzima. Macho yake yapo shingoni, panapokutana kiazi na shina, na kiazi kisicho na kipande cha shingo hakichipui kamwe.

Kuna na akiba ya tatu, ambayo kwa sisi tunaohama nyumba za kupanga mara kwa mara ndiyo bora. Kabla ya jalidi kali, kata shina lililokomaa vipande vyenye vifundo viwili viwili, vilaze katika chungu chenye mchanga na mboji, vifunike kidogo, uviweke mahali pasipoganda. Machipukizi hutoka kwenye vifundo masika yakianza. Chungu kimoja hubebeka hata ndani ya teksi.

Wangu nitaukata juma la kwanza la Novemba, inshaallah. Anayehitaji vipande aache jina lake kwa mhariri kabla ya hapo, na aje na mfuko wa karatasi, si wa plastiki.