Nani Amwambie Mwenye Duka Aende Nyumbani?

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi. Kwa mji wa Same, ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, ruhusa hiyo ilileta wateja wa saa ambazo zamani zilikuwa za kulala. Basi likisimama ni soko la dakika chache: maji, soda, mayai ya kuchemsha, vocha. Mama lishe na mwenye kibanda cha vinywaji wamepata saa zaidi za kuuza. Ila muuzaji mara nyingi ni yule yule mmoja, aliyefungua alfajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na apate likizo ya siku 28 kwa mwaka. Binti aliyeajiriwa kusaidia dukani ana haki hizo. Mwenye duka mwenyewe hana hata moja. Akifungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 3 usiku, siku sita kwa wiki, ametimiza saa 90, sawa na wafanyakazi wawili. Hana bosi wa kumwambia inatosha, kalale.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kazi uliopitiliza katika toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likieleza kuwa wenyewe si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Lilitaja dalili tatu: mtu kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yake, na kazi yenyewe kuanza kuharibika. Dukani dalili hizo zina sura zake. Mwenye duka anaamka amechoka kama alivyolala. Mteja akiita, anaona kero. Kisha anazidisha chenji, anasahau kuandika deni kwenye daftari, na unga unapitisha tarehe rafuni bila yeye kujua. Hiyo ya tatu ndiyo inayokula mtaji, na wengi huidhania kuwa biashara imekuwa ngumu.

Miaka miwili baadaye, shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu nzito zaidi. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, ana uwezekano wa kupata kiharusi ulio juu kwa asilimia 35, na wa kufa kwa ugonjwa wa moyo ulio juu kwa asilimia 17.

Kama hatari ni kubwa hivyo, kwa nini watu hawafungi? Mara nyingi jibu ni deni. Mikopo ya mitaani ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu hudai marejesho ya kila siku au kila wiki, kwa riba kubwa. Mwenye mkopo wa namna hiyo akifunga siku moja, amekosa rejesho. Akikosa rejesho, wadai wanakuja mlangoni. Kwake kupumzika ni kosa la kifedha. Kumwambia mtu huyo ajitunze ni kupoteza maneno, maana cha kwanza kinachohitaji kubadilika ni ratiba ya deni. Ndipo vikundi kama vya VICOBA vinapokuwa na faida kubwa kuliko fedha yenyewe: wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa masharti waliyoyapanga wenyewe, na huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwanachama akiugua, kuna mtu wa kumweleza kabla rejesho halijachelewa.

Ukipanda kutoka Same kwenda Upare Kusini, unakuta namna nyingine ya kupumzika, tena yenye zaidi ya karne moja. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Upareni mwaka 1903 wakaanzisha kituo chao cha kwanza Giti. Kutoka huko imani yao ilienea, ikafika Suji na kwingineko milimani. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kwisha jua linapozama Jumamosi, na katika saa hizo muumini hauzi wala hanunui.

Katika vijiji vyenye Wasabato wengi, pilikapilika huwa za Ijumaa alasiri. Watoto wanatumwa sukari nusu kilo, mafuta ya kupima, kiberiti. Mwenye duka anapima, anafunga, anaandika, huku jicho moja likiangalia jua juu ya mlima. Mteja anayejua duka litafungwa hanuni, amekwisha kununua. Na kwa kuwa duka la jirani nalo linafungwa, hakuna anayemnyang'anya mwenzake mteja. Mauzo ya Jumamosi hayapotei yote: mengi yanakuwa yamehamia Ijumaa.

Hapo ndipo penye somo kwa mfanyabiashara wa dini yoyote. Pumziko la mtu mmoja ni gharama, lakini lililopangwa pamoja na majirani, wateja wakalijua mapema, ni nafuu sana. Wapare wana ujuzi wa zamani wa mipango kama hiyo. Ndiva zao, mabwawa madogo ya umwagiliaji kama lile la Manoo kijijini Bangalala, hukusanya maji ya mfereji usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa yatoke kwa nguvu ya kufika mashamba ya mbali, na wakulima hupokezana kwa zamu. Maji yangeachwa yatiririke mfululizo, yangeishia njiani. Nguvu za mwenye duka haziendi tofauti sana.

Mjini kazi ni ngumu zaidi. Same ina Waislamu, Walutheri, Wakatoliki na Wasabato, na hakuna siku ambayo wote wanafunga. Lakini tofauti hiyo inaweza kutumika. Wenye vibanda wawili wanaopakana, mmoja wa Ijumaa au Jumapili na mwingine wa Jumamosi, wanaweza kushikiana zamu: wa kwanza anamwangalizia mwenzake, kisha wanabadilishana. Makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu bidhaa na fedha mbele ya wote wawili, kuandika na kutia saini, ili undugu usivunjike kwa soda tatu. Uwakala wa fedha za simu hauingii hapo, kwa kuwa namba ya siri haiazimishwi; wakala akipumzika, huduma hiyo isimame na kibanda kiendelee na vinywaji.

Asiye na jirani wa kuaminika anaweza kuanza na daftari. Kwa wiki mbili aandike mauzo ya kila saa, si ya siku nzima peke yake. Huenda akagundua kuwa saa mbili za mwisho za usiku zinaingiza fedha isiyofikia hata gharama ya umeme na chakula anachonunua kwa kuwa hajarudi nyumbani kupika. Saa hizo ndizo za kukata kwanza. Kibao cha saa mpya kiwekwe mlangoni mapema, na saa zifuatwe bila kuyumba, maana mteja akifunguliwa leo saa 4 usiku, kesho atagonga tena.

Uchovu usiotoka hata baada ya siku kadhaa za kulala vizuri usitibiwe kwa ratiba. Presha, kisukari, malaria, upungufu wa damu na sonona vyote huchosha vivyo hivyo, na vyote hupimwa hospitalini.