Sabuni ni ya Nyumbani, si ya Mtoni

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kilichomo katika kila nyumba: sabuni. Inatulinda na maradhi, lakini ikimwagwa mtoni inageuka madhara kwa jirani.

Sabuni hufanyaje kazi? Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ndiyo maana maji matupu hayaondoi mafuta sahanini, bali penye sabuni mafuta hushikwa na kwenda na maji. Virusi vya korona navyo vimefunikwa kwa tabaka la mafuta. Sabuni hulipasua, virusi vikaharibika. Basi tunawe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 au zaidi, hasa tutokapo chooni na kabla ya kula.

Mtoni mambo ni mengine. Sabuni hudhuru mashavu ya samaki, anayopumulia. Katika miaka ya 1950, sabuni za unga zilikuwa na kemikali zisizooza upesi, na mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1961, na wanakemia wakatengeneza kemikali zinazooza upesi zaidi. Lakini hata hizo huhitaji muda, na mto haungoji.

Mto Morogoro hushuka kutoka milima ya Uluguru, hupita mjini na kuingia Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Povu letu lina safari ndefu.

Kwa hiyo, tuchote maji kwa ndoo, tufulie mbali na mto, na maji ya povu tuyamwage kwenye udongo, ambako bakteria watayaozesha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Tena, anayefua akiwa amesimama majini aweza kupata kichocho, kwani vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja sabuni za kufulia miongoni mwa vitu vinavyochafua mito, maziwa na bahari. Kumpenda jirani ni pamoja na yule anayechota maji chini yetu.