Simu ya ofisi ikilia bure, mteja anaenda kwa jirani

Mteja wa Langas hangoji. Simu isiposhikwa, anapigia duka lingine pale Uganda Road.

Kama ofisi yako inatumia laini ya kawaida ya rununu, huhitaji mtambo wa bei. Piga **61*, namba ya mwenzako, kisha *11*20#. Ikilia sekunde 20 bila kushikwa, inaruka kwake. **62* ni ya simu iliyozimwa. **67* ya laini iliyo bize. Kredo ya huo mruko ni yako, lakini afadhali kredo kuliko oda.

Sasa chunga **21*, msee. Hiyo inahamisha simu zote, yako hata hailii. Matapeli huipenda sana: "piga hii kodi tukusaidie," halafu simu ya benki inawafikia wao. Kagua kwa *#21#. Kufuta zote, ##002#.